Taa Mbili na Kitu Kimoja

Alimasi amekufa wiki iliyopita, na watu wa kwao wakamtuma binti yetu, Neema, aniombe nisimame matangani niseme maneno mazuri juu yake, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa mke wake wa kwanza na marehemu hasemwi vibaya. Nikakataa. Neema akalia. Akaniambia, “Mama, miaka kumi na sita! Moyo yako haipoe?” Haujapoa, mwanangu. Mwenye kovu usidhani amepoa. Nilikwenda mjini Baraka, nikakaa kwenye mkeka na wanawake wenzangu, nikala maharage yao, nikaimba nyimbo za kanisa mpaka ubeti wa mwisho, kwa sababu sikumchukia kiasi cha kumnyima wimbo. Ila kusimama na kusema “alikuwa bwana mwema” kulinishinda. Jirani mmoja akanong'ona nyuma yangu, “Iko na roho mubaya ule mwanamuke.” Nilimsikia, sikugeuka. Ndiyo, ninayo roho mbaya, na mwaka nilioipata naukumbuka chumba kwa chumba, sahani kwa sahani. Nauandika hapa ili Neema ausome peke yake, bila shangazi zake kusimama nyuma ya bega lake.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, na ndoa yetu haijamaliza hata msimu mmoja wa mvua. Alimasi alikuwa mwalimu wa darasa la tano: shati jeupe, kalamu mbili mfukoni, sauti ya kwanza kwenye korali. Nyumba yetu ilikuwa ya matofali mabichi, vyumba viwili vya kulala na sebule ambayo sisi kule tunaiita salo, hatua chache kutoka barabara inayoshuka ziwani. Ndani ya salo kulikuwa na meza, mkeka, kalenda ya kanisa, na kiti kimoja chenye mikono. Kiti kilikuwa cha Alimasi. Hakuna aliyewahi kuniambia kuwa ni chake, na hakuna siku niliyokikalia yeye akiwa nyumbani. Mimi nilikuwa wa mkeka na wa jikoni, na jiko lilikuwa kibanda nyuma, ambako sauti zote za salo zilinifikia kupitia tundu la ukuta pale fundi alipoacha tofali moja. Mambo mengi ya ndoa yangu niliyajua kupitia tundu lile kabla sijaambiwa na mwenye ndoa.

Kazi yangu ilikuwa samaki. Alfajiri nilikuwa Swima wavuvi wanapotia nanga, nanunua mikeke na kuhe wabichi, nawapakia kwenye basini na majani ya mgomba juu, kisha narudi sokoni Baraka kabla jua halijawa kali. Sasa samaki hana subira. Saa tatu asubuhi anang'aa kama sahani mpya. Saa saba nzi wameshampata na wateja wanajua. Wanakuja saa hiyo hiyo, kwa makusudi, wanamfungua mashavu, wanakunja pua: “Mama Samaki, ule ameshalala. Tupatie bure basi.” Kila siku niliona jasho langu likienda hivyo. Kwa hiyo mwaka ule nilitaka kitu kimoja tu, na nilikitaka kuliko mtoto: kongelateri, lile friza refu la kulala lenye mfuniko wa juu. Kuwa na kongelateri ni kumwambia yule mteja wa saa saba, “Kama hautaki, acha. Kesho angali mugumu.” Nilikuwa nafanya mazoezi ya sentensi ile peke yangu njiani.

Ila umeme Baraka haukuwepo. Kulikuwa na mzee nyuma ya soko mwenye jenereta, sisi tunasema groupe, akiwasha kuanzia saa sita mchana mpaka watu wanapolala, na alikuwa akivuta nyaya kwenye nyumba za wanaolipa. Groupe lenyewe lilikuwa limechoka, likakohoa kila mtu akiongeza chombo, ndipo mzee akaweka sheria yake na kuitangaza mlango kwa mlango: taa mbili na kitu kimoja kwa kila nyumba. Ukichomeka vitu viwili, anakata waya. Leo kila paa la Baraka lina paneli za jua na watoto wanachaji simu tatu kwa mara moja, hawawezi kuelewa jinsi sheria ya mzee yule ilivyoingia kwenye vitanda vya watu. Kitu kimoja! Nyumba nzima, kichwa cha mume na kichwa cha mke, na kitu kimoja. Nyumba ya kulia kwetu walinuniana mwezi mzima kwa sababu ya pasi na redio.

Kwenye jambo hilo waliojua kuishi walikuwa jirani yangu Goreth na mume wake, wakimbizi wa Burundi waliokuwa wakilima mihogo upande wa barabara ya Fizi. Hawakuwa na waya kabisa. Walikuwa na redio ndogo ya betri, na mume alishika redio, Goreth alishika mabetri, ameyafunga kwenye pindo la kitenge chake. Hakuna sauti iliyotoka ndani ya nyumba ile bila wawili kukubaliana. Niliwasikia wakibishana mchana juu ya taarifa ya habari na mahubiri kama watu wa bunge, kisha kimya, kisha redio inalia. Nilimcheka Goreth. Akaniambia, “Cheka tu. Siku moja utatafuta betri yako ni gani.” Nilidhani ni maneno ya mkulima asiye na umeme.

Mwaka huohuo wageni wenye fulana za rangi moja walikuja kanisani kutufundisha kuwa mume na mke waketi pamoja na kuamua pamoja juu ya vitu vya nyumba. Tuketi wapi, na kiti ni kimoja? Lakini Alimasi alipenda mambo ya kisasa, na Jumapili ile baada ya ibada aliniita kutoka jikoni, akashuka mwenyewe kutoka kwenye kiti akakaa mkekani. Nilipika kuhe kwa mawese, na sombe ya majani ya muhogo, na bugali moto. Tukala sahani moja. Akasema, “Sasa, Apendeki, tuongee kama bale batu ya semina. We unataka nini mu ile waya yetu?” Nikamwambia kila kitu: nzi, saa saba, wateja wanaokunja pua. Alisikiliza. Akauliza barafu inakaa muda gani groupe likizimwa. Akatafuna, akafikiri, akasema, “Bon. Ni kongelateri. Mi nakubali.” Nikalia kwa furaha, nikamwekea kichwa cha samaki, na yeye akanirudishia nusu. Nasema na hilo, ili Neema asidhani namzulia baba yake. Jumapili ile alikuwa mume, na ningeweza kumpenda maisha yangu yote kwa kichwa kile cha samaki.

Alhamisi akaenda Uvira kununua, na akiba zetu zote mbili mfukoni mwake, maana kwetu mwanamke hanunui chombo kikubwa, anakitamani tu. Akapitia kwa mama yake kuaga. Jumamosi nikasikia vigelegele barabarani nikatoka na unga mikononi. Sharti nieleze desturi yenyewe. Kwetu kule kitu kikubwa hakiingii nyumbani kimya. Mume anatembea mbele, mikono mitupu, polepole, wapagazi wanafuata na mzigo, mama yake kando akipiga vigelegele, na mke anasimama mlangoni kupokea na kusema kwa sauti, “Bwana yangu ameninunulia!” Mtaa unapiga makofi, unajua nyumba ile ina mwanaume. Basi Alimasi alikuwa anakuja vilevile, kifua mbele, mama yake kando akiyumba kwa furaha, na nyuma yao vijana wawili na katoni. Katoni nyembamba. Bapa. Nikaitazama nikatafuta kongelateri ndani yake kama mjinga.

“Ni tele,” mama mkwe akaniambia kabla sijafungua mdomo. “Televisheni, ecran plat. Mwalimu muzima, batu banaingia kwake banaangalia ukuta? Aka! Ile sanduku ya masamaki utaiweka wapi, mu salo? Inuke?” Nikamtazama Alimasi. Akatazama kalenda ya kanisa ndani, juu ya bega langu. “Mama aliona mbali,” akasema. Nikauliza, “Na Jumapili, tulisema nini?” Akajibu kwa sauti ya darasani, “Tulisema. Haikuwa sheria.” Majirani walikuwa mlangoni wakisubiri neno langu. Nililisema, kwa meno. Walipiga makofi.

Kuanzia siku hiyo nyumba yangu ikawa uwanja wa mpira. Kila mechi, wanaume kumi na tano mkekani kwangu, viatu mlangoni, Alimasi kwenye kiti chake akieleza sheria za kuotea kwa watu waliozijua kuliko yeye. Mimi jikoni, nachemsha chai. Kupitia tundu nilisikia wakiniita, “Bibi ya mwalimu, maji!” na nilisikia mama mkwe, aliyekuwa sasa hakosi hata siku moja, akiwaambia wageni, “Ule binti alitaka friji ya samaki, fikiria!” Wanacheka. Na Alimasi, ambaye alijua mimi namsikia, naye anacheka. Nikaacha kuongea naye. Nilimwekea chakula mezani nikamgeuzia mgongo, chumvi nikaisahau kwa makusudi. Yeye akawa anakula bila kulalamika, na kutolalamika kwake kukaniudhi kuliko chumvi.

Halafu zikaja zile siku tatu za mvua, daraja likazibwa na matope, na wanunuzi wa Fizi, ambao ndio huchukua samaki wengi, hawakushuka. Nilikuwa na basini mbili za mikeke, wazuri, wakubwa, niliowanunua kwa pesa yangu yote. Siku ya kwanza niliwaosha kwa chumvi. Siku ya pili nikajaribu kuwabanika, kuni zikawa mbichi, moshi tu. Siku ya tatu walikuwa wanatoa maji. Nikaingia salo kumwambia Alimasi. Wanaume walikuwa wameziba pua kwa vidole huku macho yakiwa kwenye tele. Akasema bila kugeuka, “Ungeuzisha mbele.” Mbele ya nani? Mbele ya mvua? Nikachukua jembe, nikachimba nyuma ya jiko, nikawazika mikeke wangu wote huku mvua inaninyeshea, na ndani wanapiga kelele ya goli. Nilimchukia hapo. Sitatafuta neno laini. Nikarudishia udongo, nikaukanyaga kwa miguu yote miwili.

Zamu yangu ya likelemba, chama chetu cha kuchangiana pesa cha wanawake wa samaki, iliangukia mwezi uliofuata. Sikumwambia mtu. Nilipanda boti mpaka Kazimia, ambako mfanyabiashara mmoja aliyekuwa anahama alikuwa anauza kongelateri yake, kubwa, nyeupe, imekwaruzwa ubavuni lakini moyo wake mzima. Nikaiwekea mkono wakati inafanya kazi, nikasikia inavyonguruma, nikalipa. Tukarudi nayo kwa boti, nikashika pembe yake njia nzima kama mtu anayeshika ng'ombe. Na pale ufukweni Baraka, saa nne asubuhi, soko limejaa, nikafanya kosa langu. Niliajiri vijana wanne, nikajifunga kitenge changu cha harusi, na nikatembea mbele. Mbele! Mikono mitupu, polepole, nikisalimia watu kulia na kushoto. Sikufanya kwa kumtukana mtu. Nilikuwa na furaha, na mguu wa mwenye furaha unajua njia moja tu. Barabara nzima ikanyamaza ninapopita. Hakuna kigelegele hata kimoja. Goreth peke yake aliyekuwa anauza mihogo kando ya njia alisimama, akashika mdomo, akasema, “Ee Mungu wangu, Apendeki, pita nyuma! Pita nyuma!” Nikadhani ananitania.

Nikachomoa tele, nikaifunga kwa shuka, nikaiweka chumbani juu ya sanduku. Nikachomeka kongelateri. Alimasi alirudi saa saba na nusu, akasimama mlangoni. Hakunipiga, baba yako hakuwahi kunipiga, Neema, alikuwa na njia zake. Alikaa kwenye kiti chake, akatazama kile chombo cheupe kilichojaza nusu ya salo, na machozi yakamtoka. “Unatembea mbele,” akasema. “Banafunzi yangu banakuona. Batoto ya darasa la tano, Apendeki. Banajua sasa ni nani bwana mu hii nyumba.” Nikamwambia, “Mi nilinunua kintu tulipatana.” Akasema, “Ningekununulia.” Nikacheka. Nilikuwa na kila haki ya kucheka, na kicheko kile ndicho kilichonipeleka mbele ya wazee.

Lubunga ni baraza la wanaume wa ukoo, na mwanamke akishtakiwa pale anakaa nje ya ukuta wa matete, anajibu akiulizwa. Mkubwa wao alikuwa Mzee Asukulu, baba mdogo wa Alimasi, mtu mpole mwenye kikohozi. Walizungumza asubuhi nzima. Mama mkwe alitaka kongelateri irudi Kazimia nami nirudi kwetu. Mwishowe Mzee Asukulu akatoa suluhu yake, na wote wakaisifu: kitu kibaki, maana ni kizuri, ila kiliingia vibaya. Kitolewe tena mpaka barabarani. Alimasi atembee mbele, mama yake apige vigelegele, mimi nisimame mlangoni niseme lile neno. “Binti,” akaniita kupitia matete, “unataka heshima ao unataka kongelateri?” Sauti yake ilikuwa ya upole kabisa. “Kama ni kongelateri, sema neno moja, na hakuna muntu atakusumbua tena. Neno haina uzito. Ile ya uzito ni friji.” Wakacheka wote, na mimi nje nikatabasamu. Nikafikiri, funika kombe mwanaharamu apite. Samaki wangu walikuwa wameshaanza kuganda.

Basi tukafanya mchezo ule, Jumamosi mchana, jua la utosi. Wapagazi wakaitoa kongelateri na samaki wangu ndani yake, wakaiweka barabarani. Tukamsubiri Alimasi abadilishe shati. Tukamsubiri mama mkwe avae kitambaa kichwani. Maji yakaanza kudondoka chini ya chombo, tone, tone, nami nimesimama mlangoni kwangu nikiyahesabu. Ndipo wakaja. Alimasi mbele, macho mbele, hanitazami. Mtaa wote ulikuwa pale, hata wale walioniona nikitoka ufukweni siku nne tu kabla. Nikasema, “Bwana yangu ameninunulia.” Mzee Asukulu akaweka mkono sikioni: “Hatukusikia muzuri.” Nikapaza sauti, “Bwana yangu Alimasi ameninunulia hii kongelateri!” Makofi! Vigelegele! Na Goreth, kwenye kundi, akaangalia chini. Jioni nilimuuliza kwa nini hakupiga makofi. Akanijibu, “Umebapatia betri na redio yote.” Nilikasirika, nikamwambia aende na wivu wake.

Kwa miezi minne nilifikiri nimeshinda. Mteja wa saa saba alikuja, akakunja pua, nikamwambia sentensi yangu, na akalipa. Niliuza barafu kwa wauza juisi. Wanawake wa samaki waliniletea mikeke yao kulala, na salo ilijaa basini na vicheko, na wanaume wa mpira wakahamia nyumba nyingine. Nilipata mimba. Hata Alimasi akarudi kucheka kidogo. Ila kupitia tundu langu nikaanza kusikia neno jipya. “Kongelateri ya mi,” akawaambia wageni. “Niliichagua kubwa ju ya bibi yangu.” Mwanzoni nilidhani ni majivuno ya mwalimu. Lakini mtu akisema uongo kila siku kwa miezi minne, na hakuna anayembishia, unaota mizizi. Akaanza kupanga samaki wa nani walale. Wa kitoweo cha mama yake walikaa chini kabisa, penye baridi. Wangu wakapandishwa juu, wakalainika. Nikauliza. Akanishangaa kweli, macho meupe ya mtu asiye na hatia: “Apendeki, kintu ni ya nani?”

Mwishoni mwa mwaka alitaka pikipiki. Hakuniambia, nilimsikia akimwambia mama yake wakila ndagala zangu: kuna mnunuzi kutoka Kazimia, anakuja Jumanne kuichukua kongelateri. Niliacha sufuria motoni nikaenda moja kwa moja kwa Mzee Asukulu, na tumbo langu mbele. Jumanne asubuhi lubunga ikakaa. Safari hii mimi ndiye mshitaki, na bado nilikuwa nje ya matete. Nikawaeleza: likelemba, Kazimia, boti, vijana wanne. Wote walijua. Wote! Mmoja wao alinisaidia kuisukuma ufukweni. Mzee Asukulu akakohoa kwa muda mrefu. “Binti, siku ile mu barabara, mbele ya batu yote, ulisema nani alinunua?” Nikajibu, “Alimasi.” “Na leo unasema nani?” “Mimi.” “Basi iko siku ulidanganya. Ni ile ao ni ya leo?” Nikamwambia, “Ni ile, na ni ninyi mulinituma.” Akasema, na bado alikuwa mpole, hilo ndilo sisahau, “Sisi tuliomba neno. Uongo ni yako. Muntu mwenye alidanganya mbele ya muji muzima, tutamushika na mukono gani?” Wakaamua kongelateri ni ya Alimasi. Shahidi wa kwanza nilikuwa mimi, na neno la mwongo, wakasema, halipimwi kwenye lubunga.

Nilirudi nyumbani nikiwa siioni njia. Niliwakuta uani tayari: wapagazi wameitoa kongelateri, Alimasi kando yake, mama yake mlangoni, na mnunuzi, mwanaume mnene wa makamo mwenye kofia, anakagua mfuniko. Nikaleta basini nikaanza kutoa samaki wangu, mmoja mmoja, vidole vikiuma kwa baridi. Mnunuzi akanitazama nikifanya hivyo. Kisha akautoa mtupu mkono wake uliokuwa umeshika pesa mfukoni. “Mwalimu,” akasema, “ngoja kwanza. Kwetu Kazimia, kintu ikitoka mu nyumba ya batu babili, nasikia binywa bibili. Bibi mwenye hakukubali analaani kintu, inakufia mu boti.” Akanigeukia. “Mama, mulipatana? Mukiuzisha, ni nyinyi babili?”

Mama mkwe akasema haraka, “Anakubali, anakubali.” Mnunuzi akatikisa kichwa: “Sikumuuliza we, mama.” Na Alimasi, Alimasi wangu wa shati jeupe, akanisogelea akanishika kiwiko, akaninong'oneza, “Apendeki, sema ndiyo. Nakuomba. Ndiyo moja tu.” Nilimtazama kwa karibu. Alikuwa ananiogopa. Mwaka mzima nilikuwa nimelala kando yake na sikujua kama mtu yule anaweza kuniogopa.

Nikasimama, nikafuta mikono kwenye kitenge. Nikamwambia mnunuzi kwa sauti ambayo mtaa uliisikia, “Baba, umekuja umechelewa kidogo. Bazee banatoka kunipima asubuhi hii, banakuta mi ni mwongo, neno yangu haina bei mu Baraka. Nikikuambia ndiyo, utaijua je kama ni kweli?” Akafikiri. Akamtazama Alimasi, akamtazama mama yake, akaitazama kongelateri ile nzuri, na nikaona inavyomuuma kuiacha. Akavuta kofia yake usoni. “Mi nanunua friji,” akasema, “sinunue kesi.” Akaondoka, na wapagazi wakamfuata, maana wao walikuwa wake.

Alimasi akabaki ameshika pembe ya mfuniko. Peke yake asingeweza kuirudisha ndani, ilikuwa nzito, na hakuna jirani aliyejitokeza kumsaidia. “Ona sasa kile umefanya,” akasema, “tutaiweka wapi?” Akasema tutaiweka, kama vile tupo wawili. Nilikuwa na hasira, na chini ya hasira nilikuwa na furaha, na sikuona aibu kwa hata moja kati ya hizo mbili. Nikajitwisha basini yangu kichwani, nikapita katikati yake na mama yake, tumbo mbele, nikashika njia ya Swima, nisirudi tena katika nyumba ile, na samaki walikuwa bado wagumu kama kuni.